Chupa ya akiba imejaa, rejeta imekauka: kisa cha gari lililosingiziwa gasketi

Mwenye gari alikuja na hukumu mkononi tayari. "Fundi, nimeambiwa hedi ifunguliwe, gasketi imekwenda. Kabla sijakubali, naomba na wewe ulitazame." Hedi ni kile chuma kizito kinachofunika silinda kwa juu, na gasketi yake ni bamba jembamba la kuzibia lililo kati yao. Gari ni dogo, la petroli, silinda nne. Rejeta yake ina kifuniko cha presha juu, na pembeni kuna chupa ya akiba ya plastiki ambayo yenyewe haina presha. Magari mengine yana tenki moja tu lenye presha na hayana kifuniko kwenye rejeta. Huko baadhi ya dalili nitakazozieleza hazitajitokeza hivi. Hili lilikuwa la mtindo wa zamani, na kisa chote kimelala kati ya kile kifuniko na ile chupa.

Nilimwacha aeleze kwa maneno yake. Mshale wa temperecha unapanda ghafla akiwa kwenye foleni, halafu unashuka wenyewe kabla hajaamua kusimama. Hita inapuliza baridi gari likiwa limesimama, akikanyaga mafuta inapata joto, akiachia inapoa tena. Asubuhi akiwasha, nyuma ya dashibodi kunasikika kama kijito kinachotiririka. Chini ya gari ni pakavu siku zote, na chupa ya akiba haijawahi kushuka hata kidole kimoja, kwa hiyo hajaongeza chochote.

Nikauliza lilianza lini. Akafikiri kidogo, akasema ni kama miezi miwili, lilipotoka kubadilishwa themostati, ile vali inayoyazuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Jibu hilo niliandika pembeni. Gari likianza kuumwa baada ya kuguswa, mimi huanza kutafuta pale palipoguswa.

Fundi aliyelitazama kabla yangu alifungua rejeta wiki moja nyuma, akakuta maji yamepungua, akaongeza nusu lita ya maji matupu, akawasha injini na kuona mapovu. Hoja yake haikuwa ya kijinga: maji yanapungua, hayaonekani yakivuja, kuna mapovu, basi yanaingia kwenye silinda na moshi unatokea kwenye maji. Mara nyingi hoja hiyo huwa sahihi. Ila mapovu yana baba zaidi ya mmoja.

Niliomba gari lilale kwangu. Mfumo wa maji unachunguzwa ukiwa baridi kabisa, kwanza kwa usalama: ndani ya mfumo wenye presha ya karibu bar 1 juu ya hewa ya nje, maji hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 120. Ukifungua kifuniko maji yakiwa kwenye nyuzi 110, presha inaondoka papo hapo na maji yanageuka mvuke usoni pako. Sababu ya pili ni kwamba asubuhi mfumo unakuwa umemaliza kujivuta, na hali unayoikuta ndiyo hali yake halisi.

Asubuhi chupa ilikuwa katikati ya mistari yake miwili, kama picha ya kitabuni. Nikafungua kifuniko cha rejeta. Sikuona maji. Nikachukua jagi lenye vipimo na kumimina polepole mpaka shingoni: lita 1 na robo. Kitabu cha gari kinasema mfumo mzima unachukua lita 6.2. Yaani moja ya tano ya maji haikuwepo, na chupa haina habari.

Hapo ndipo nilipoanza kuitilia shaka ile hukumu ya gasketi. Kifuniko cha rejeta kina vali mbili. Kubwa, yenye springi ngumu, hufunguka presha ikizidi kiwango chake na kuruhusu maji yaliyotanuka kwenda kwenye chupa. Ndogo, ile sahani iliyo katikati, hufunguka injini inapopoa: maji yanasinyaa, mfumo unavuta, na chupa inarudisha ilichopewa. Mfumo mzima ukipungukiwa, chupa ndiyo hushuka kwanza, maana ndiyo inayolipa deni kila usiku. Kama chupa haishuki na rejeta iko tupu, maana yake ni kwamba usiku mfumo unapovuta, unapata hewa kutoka mlango ulio rahisi zaidi kuliko chupa.

Gasketi iliyokatika kati ya silinda na njia ya maji kwa kawaida hufanya kinyume. Gesi ya mwako ina presha kubwa mno kuliko ya kifuniko, inasukuma maji nje, na chupa inajaa kupita mstari hadi inamwaga. Chupa tulivu kama ile haikuendana na kesi.

Lakini mtu hahukumu kwa chupa peke yake, kwa hiyo nilipima. Niliwasha injini ikiwa baridi, kifuniko kikiwa nje, nikakodoa macho kwenye shingo ya rejeta kwa dakika ya kwanza. Dakika hiyo ni ya thamani, kwa sababu hakuna kitu kilichopata moto bado. Mapovu yakianza kupanda mfululizo papo hapo, hayo hayatokani na maji kutanuka. Hayakuja. Baada ya kama dakika nane yalianza: povu kubwa, kimya, mapovu mawili, kimya kirefu. Nilipopandisha mizunguko hayakuongezeka kwa kufuata mguu wangu. Hiyo ni hewa iliyonaswa ikitafuta njia. Gesi ya silinda haipumziki, na huzidi kadiri unavyokanyaga.

Nikapima pia kwa ile dawa ya bluu inayogeuka njano ikikutana na hewa ukaa. Unashusha maji kidogo kwenye shingo kwanza ili kifaa kisivute maji badala ya hewa, kisha unavuta hewa ya juu ya maji ipite kwenye dawa. Ilibaki bluu. Plagi zote nne zilikuwa na rangi moja. Silinda inayonyweshwa maji mara nyingi plagi yake hutoka safi kama imeoshwa. Oili kwenye kijiti ilikuwa safi. Chini ya kifuniko cha oili kulikuwa na utando mwembamba kama maziwa, na huo peke yake sikuuhesabu, kwa sababu gari linalokwenda safari fupi hukusanya unyevu pale hata likiwa zima. Nimeona hedi zikifunguliwa kwa sababu ya utando huo tu.

Kuhusu mshale unaoruka, niliunganisha skana, kifaa kinachosoma kompyuta ya gari, na kutazama usomaji wa sensa ya joto wakati injini inazunguka silensa, yaani bila kukanyagwa mafuta. 92, 93, mara 109, kisha 94, yote ndani ya nusu dakika. Kipimajoto cha mwanga nilichoelekeza kwenye chuma jirani na sensa kilibaki kwenye nyuzi tisini na kitu muda wote. Chuma kizito hakiwezi kupanda na kushuka hivyo. Kilichokuwa kinaruka ni kile kinachoigusa sensa: mara maji, mara donge la mvuke. Na hatari iko upande wa pili. Sensa ikizungukwa na hewa tulivu badala ya maji inaweza pia kusoma chini kuliko ukweli, na kwa kuwa feni inaamriwa na sensa hiyohiyo, injini inaweza kuchemsha huku feni imelala na mshale unatabasamu.

Hita nayo ilikuwa inasema jambo lilelile. Pampu ya maji husukuma kwa kuyatupa maji pembeni kwa mzunguko. Ikipata hewa, mapanga yanazunguka bure. Rejeta ndogo ya hita kwenye magari mengi iko juu, kwa hiyo hewa hupenda kukaa huko. Silensa pampu haina nguvu ya kuisukuma hewa hiyo, hita inapoa. Ukikanyaga, maji yanapenya kwa muda, hita inapata joto. Kijito nyuma ya dashibodi ni maji yakipita kwenye nafasi isiyojaa.

Kwa hiyo hewa ipo, hilo halikuwa na ubishi. Swali lilikuwa inaingilia wapi na maji yanatokea wapi, na kama ni mlango mmoja au miwili. Watuhumiwa wanaofanya chupa ibaki imejaa huku rejeta ikikauka ni watatu: vali ndogo ya kifuniko, mpira mwembamba unaokwenda kwenye chupa, na mvujo mdogo mahali popote.

Kifuniko kiliondolewa shaka haraka. Kimeandikwa bar 0.9, nikakipima kwa pampu ya mkono, kikashika hapo. Vali ndogo nikaivuta kwa kucha, ikarudi bila kukwama. Mpira wake wa kuzibia ulikuwa laini, hauna ufa. Ule mpira mwembamba niliutoa na kuuchovya mzima kwenye beseni la maji huku nikiusukumia hewa upande mmoja. Hakuna povu lililotokea ubavuni. Ndani ya chupa mwisho wake ulikuwa chini kabisa, ndani ya maji, inavyotakiwa. Usijaribu kuunyonya mpira huo kwa mdomo. Kulanti, yaani dawa inayochanganywa na maji ya rejeta, nyingi zina ladha tamu na ni sumu kwa mtu na kwa mnyama.

Nikabaki na mvujo. Nikafunga pampu ya kupimia shingoni mwa rejeta, nikapandisha mpaka 0.9, nikaangalia saa. Dakika tano. Mshale haukutikisika. Nikamwambia mwenye gari kwa simu kwamba mfumo haumwagi.

Nilikosea, na kosa lenyewe linastahili maelezo kwa sababu nadhani ndilo linalowafanya wengi wamalizie kwa kufungua hedi. Maji hayabinywi. Mfumo ukiwa umejaa maji matupu, tone chache tu zikitoka presha inaanguka na unaliona. Lakini ndani ya mfumo huu kulikuwa bado na hewa, tuseme nusu lita, na hewa ni springi. Ukiwa umejaza presha ya 0.9 juu ya ile ya nje, kutoka kwa mililita moja kunashusha presha kwa takribani 0.004. Mshale wa pampu yangu hauwezi kuonyesha hilo, na jicho langu haliwezi kulisoma. Hewa ileile niliyokuwa naitafuta ndiyo iliyouficha mvujo ulioiingiza.

Kilichonirudisha ni lile jagi. Lita 1 na robo niliyoongeza, na nusu lita ya fundi aliyetangulia, haziwezi kuyeyuka bila njia. Nikapandisha presha tena jioni, nikaacha gari limelala nayo. Asubuhi mshale ulikuwa karibu na 0.4. Ubaridi wa usiku peke yake hushusha kidogo, lakini si kwa kiasi hicho. Na kwa mara ya kwanza kulikuwa na maji ya kuona: kidimbwi kidogo juu ya kinga ya plastiki iliyo chini ya injini, upande wa nyuma, mahali ambapo mtu anayechungulia sakafuni hawezi kupaona.

Nilifuata unyevu kwa tochi na kioo cha mpini mrefu. Nyuma ya injini, chini ya manifoldi ya hewa (mabomba yanayopeleka hewa kwenye silinda), kuna mpira mfupi unaounganisha kasha la themostati na bomba la chuma linalorudisha maji ya hita. Ukingoni mwake kulikuwa na ganda jeupe lenye ukijani, lile linaloachwa na kulanti ikikauka juu ya chuma cha moto. Klipu ya springi ilikuwa imerudishwa pembeni ya alama iliyokuwa imejichora kwenye mpira kwa miaka, sehemu inabana penyewe, sehemu inabana hewa. Nilipotoa mpira nikakuta ncha ya bomba imeliwa na kutu, ina vishimo kama vya msumari. Kipimo cha kulanti kilionyesha kwamba ndani ya maji yale dawa haikufika hata robo; mwenye gari alikiri kwamba kwa miaka lilikuwa linaongezewa maji ya bomba tu. Kutu haikuanza na themostati. Klipu ya zamani, kwenye alama yake ya zamani, ilikuwa inaivumilia. Ilipohamishwa, uvumilivu ukaisha.

Kabla ya kushangilia nilitaka kujua kama mvujo huu unatosha kueleza maji yote yaliyopotea, maana gari linaweza kuwa na magonjwa mawili. Nikarudisha mpira na klipu kama nilivyovikuta, nikapandisha presha, nikahesabu: tone moja kila sekunde kumi, takribani. Tone ishirini ni kama mililita moja. Mwenye gari huendesha saa moja na nusu kwa siku, yaani tone 540, mililita 27. Kwa siku sitini ni lita 1.6. Jumla iliyoongezwa na sisi wawili ilikuwa lita 1.75. Tone la moto si tone la baridi, na sidai usahihi wa maabara, lakini hesabu ilikuwa karibu kiasi cha kuniondolea hamu ya kumtafuta mwizi wa pili. Mililita 27 zikidondokea chuma cha moto kidogokidogo ndani ya saa moja na nusu hazifiki chini, zinakauka huko huko. Gari likizimwa, likipoa na kuanza kuvuta, mdomo uleule uliokuwa unatoa maji unaingiza hewa.

Nilifungua pia kasha la themostati, kwa kuwa ndipo palipoguswa. Themostati yenyewe ilikuwa nzima. Niliichemsha kwenye sufuria na kipimajoto, ikaanza kufunguka kwenye 82 kama ilivyoandikwa. Lakini kile kijitundu chenye kipini kinachochezacheza, ambacho kazi yake ni kupitisha hewa themostati ikiwa bado imefunga, kilikuwa kimewekwa chini. Hewa haiendi chini. Tangu siku ile ya kwanza hewa iliyobaki nyuma ya themostati haikuwa na njia ya kutoka mpaka maji yapate moto, na maji yalikuwa hayaifikii vizuri ili yaipashe.

Matengenezo yalikuwa madogo kuliko maneno yote haya. Ncha ya bomba ilipigwa msasa hadi kwenye chuma kizuri, na kwa bahati vishimo havikufika mahali mpira unapoishia, nikausogeza ndani zaidi. Mpira mpya, klipu mpya. Themostati ikageuzwa, kipini juu, gasketi yake mpya. Nilikuwa nimetoa maji kwa kipimo: lita 4.2. Namba hiyo niliiandika kwa chaki kwenye ukuta.

Kujaza ndiko kunakoharibu kazi ya watu wengi. Nililiinua gari mbele ili shingo ya rejeta iwe juu kuliko hita, nikafungua hita hadi mwisho wa joto (kwenye gari hili maji yanapita hita kwa bomba lenye vali), nikalegeza skrubu ya kutolea upepo iliyo karibu na kasha la themostati. Nikamimina mchanganyiko wa nusu kwa nusu polepole mno, nikikanda mpira wa juu kwa mkono, mpaka kwenye skrubu yatoke maji yasiyo na povu. Ziliingia lita 3.8, zikagoma. Mtu mwenye haraka angefunga hapo, rejeta imejaa, na gari lingerudi wiki ileile.

Nikawasha, kifuniko nje, faneli juu ya shingo ikiwa na maji kiasi. Themostati ilipofunguka kiwango kilizama kwa mkupuo mmoja na faneli ikagugumia. Nikaongeza. Nikashikilia mizunguko 2,500 kwa dakika moja, nikaachia, mapovu, nikarudia. Feni ilipowaka na kuzima mara ya pili, hita ilikuwa inachoma mkono hata silensa. Zilikuwa zimeingia lita 4.7. Nikafunga kifuniko, nikajaza chupa mpaka mstari wa juu, nikaliacha lipoe usiku kucha.

Asubuhi chupa ilikuwa imeshuka. Mwenye gari alipoiona uso ukabadilika, akadhani ugonjwa umerudi. Nikamwambia, "Mzee, hii ndiyo niliyokuwa naisubiri." Ilikuwa imetoa lita 0.2, jumla 4.9. Nilitoa 4.2, nikarudisha 4.9. Katika tofauti ya 0.7, karibu 0.2 ni yale yaliyodondoka usiku wa kipimo cha presha. Iliyobaki, nusu lita, ni nafasi iliyokuwa imekaliwa na hewa.

Nilirudia presha ya 0.9 juu ya mfumo uliojaa. Dakika kumi na tano, mshale umesimama, na safari hii nilikuwa na sababu ya kuuamini. Kwenye skana sensa ilipanda taratibu hadi 95, feni ikaingia, ikashuka hadi 90, ikapanda tena.

Baada ya wiki tatu alipita. Upungufu kwenye chupa, gari likiwa baridi, ulikuwa chini ya kikombe cha kahawa, na kwenye rejeta maji yalikuwa mdomoni. Nilimwonyesha mistari miwili: gari likiwa na moto kiwango kinapanda kuelekea wa juu, likipoa kinarudi. Miezi ile miwili kiwango hakikusogea hata kidogo, na kila aliyefungua boneti alikitazama akakipita.